Cherehani Iliyoibwa Ndotoni

Mama Gaudensia, mshauri wetu mpendwa,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujakasirika, maana najua utakasirika. Mimi ni mke wa mtu na fundi wa kushona, naishi kata ya Gongoni hapa Tabora. Mtaa wenyewe siutaji, na majina ya watu humu nimeyabadilisha yote, ila langu hata la uongo usiliandike, kwa sababu gazeti lenu linasomwa saluni na kwa kinyozi na watu wa kwetu watanijua kwa kusema kwangu tu.

Mama, mtaa wetu umeingiliwa. Zamani, nasema zamani lakini ni juzijuzi tu, mlango wa uani tulikuwa tunaufunga kwa kipande cha kamba ili mbuzi wasiingie, na kanga zilikaa kwenye kamba zikauke, zilowe umande, zikauke tena, hakuna aliyezigusa. Sasa wanaiba mchana kweupe. Wanachukua mitungi ya gesi na televisheni, mita za maji wanazing'oa wakaacha maji yanaruka juu na watoto wanaoga humo kwa furaha, na kule chini ya miembe ya barabarani ambako kivuli ni kizito wapo vijana wa pikipiki wanaokwapua mikoba ya wanawake wanaotoka sokoni. Watu wanasema wezi hao wanapuliza dawa dirishani na nyumba nzima inalala fofofo, unaamka kichwa kizito na kitanda umeachiwa kwa huruma. Mimi sijui kama dawa hiyo ipo, lakini tangu joto hili la kungojea mvua lianze mtaa mzima unatembea kama watu walioamshwa kabla ya wakati, unamsalimia mtu anaitikia baada ya kukupita.

Sasa siku moja baada ya sala ya adhuhuri nilitandika mkeka ukumbini, mlango wa mbele nikauacha wazi ili upepo uingie, cherehani yangu nikaiacha palepale barazani ninaposhonea, nikalala. Nikaota. Nikaota msafara unapita kwenye kichochoro chetu, ule msafara wa wapagazi ambao bibi yangu alikuwa akitusimulia, watu wanatoka pwani wanakwenda Ujiji na vichwani wana mizigo, ila hawa walikuwa kimya, miguu yao haina mlio na vumbi linapanda taratibu rangi ya asali, na mizigo waliyobeba ilikuwa vitu vyetu. Niliona mitungi ya gesi imepangwa kwenye mabega. Niliona televisheni ya Najiat, jirani yangu wa mlango wa pili, inaonyesha picha ilhali haina waya, na kanga zetu zote zimefungwa kwenye miti kama bendera za harusi, na sisi wenyewe tumekaa mabarazani tunatazama, hakuna aliyekasirika, tunatazama tu jinsi inavyopendeza. Wa mwisho kabisa alikuwa Amon. Amebeba cherehani yangu begani na gurudumu lake linazunguka lenyewe, linashona hewa. Akasimama mbele yangu akaniuliza njia ya Ujiji ni ipi, nami nikamwonyesha kwa kidole, naye akashukuru akapita.

Amon ni jirani yetu nyumba ya nyuma, mtu wa Ulyankulu, amehamia mjini na mkewe Apolinaria na watoto wao, anabeba mizigo ya watu kwa guta lake la magurudumu matatu, magunia, matofali, makochi ya wanaohama, chochote. Ni mtu mpole wa maneno machache. Kila mchana anapita kichochoroni kwetu na guta lake akirudi kula.

Nilipoamka cherehani ilikuwa palepale barazani, Mama, haikusogea hata kidogo. Nami nilikuwa na raha isiyo na sababu, ile raha ya mtu aliyetembezwa mahali pazuri. Jioni ile tulikuwa na kazi ya kuchambua mchele wa khitma kwa jirani, wanawake tumezunguka sinia, na mimi bila kufikiri nikaisimulia ile ndoto kwa sababu ilikuwa nzuri, na Mungu ni shahidi sikuwa na nia nyingine. Bibi alitufundisha kwamba ndoto haisimuliwi ovyo, kwamba inashika njia ya yule anayeiagua kwanza, nami nikasahau, mikono iko kwenye mchele na mdomo unakwenda wenyewe. Sijamaliza vizuri, Najiat akaja analia kwamba amerudi nyumbani kakuta televisheni haipo. Mchana uleule. Pale tulikuwa na Bi Mwanajuma, mtu mzima ambaye watu humpelekea ndoto zao, akaniuliza wa mwisho kwenye msafara alikuwa nani, nikamwambia. Akasema, "Basi wa mwisho ndiye mwenye msafara."

Mama, mimi nilicheka kidogo ili wengine wacheke, hawakucheka.

Usiku ule kwa hofu niliiingiza cherehani chumbani nikaifunika kanga. Asubuhi watu wanapita, baraza tupu, na ndoto imekwishafika bombani kabla yangu, sijui ilipoteza wapi lile neno "nimeota". Bombani ilifika kwamba nimemwona Amon akiondoka na cherehani yangu, nimezibwa na dawa nisiweze kupiga yowe. Wakaanza kuja kunipa pole. Wa kwanza aliingia analia, na mtu akilia mbele yangu mimi huwa nalia, nikafungua mdomo nimwambie ipo, iko nyuma ya pazia hilo la mlango wa chumbani, lakini alikuwa amekwishanikumbatia, na maneno yaliyotoka yakawa, "Ahsanteni, tushukuru Mungu kwa uhai." Sijui nani aliyasema, lakini mdomo ulikuwa wangu. Baada ya hapo wakaja wengine, na kila aliyekuja lile pazia likawa zito zaidi, na mpaka leo sijashona, kwa sababu nikikanyaga cherehani ile hata mara moja mtaa mzima utaisikia. Vitambaa vya wateja vimekaa. Nakaa ndani nasikiliza jinsi nyumba ilivyo kimya bila mlio wake, na ninasinzia mchana kutwa.

Sasa sikiliza linalonitoa roho. Wazee wa sungusungu wanaolinda mtaa wamekaa na mwenyekiti wa mtaa, wamekubaliana Jumapili ijayo wapige kura ya siri, ile ya kila mkazi kupewa kikaratasi aandike jina la mwizi anayemjua, kisha majina yanasomwa mbele ya watu. Mwaka jana mtaa wa jirani walifanya hivyo, kijana aliyeongoza kwa kura alipigwa kabla polisi hawajafika, akahama na kovu, na hadi leo hakuna anayejua kama aliiba au hakuiba. Kwetu kila mtu ameshajua ataandika nani. Kwenye kundi letu la simu hawamtaji, wanaandika tu lisemwalo lipo, na wengine wanaitikia kwa alama ya guta.

Nilimpigia mume wangu Rashidi, yuko Nzega kwa biashara yake ya asali, nikamweleza yote. Akaniambia ninyamaze, kura ni ya siri, watu wataandika wanaowajua wao, na nikisimama kusema nilikuwa naota nitaitwa mwongo mimi na yeye atachekwa sokoni. Akasema pia Amon ni mtu wa kuja tu, hana kwao hapa.

Nami ningenyamaza, Mama, kwa aibu ningenyamaza, lakini juzi alikuja Apolinaria. Wao hawajui. Hakuna aliyewaambia, kwa sababu hakuna anayezungumza nao siku hizi, na wao wanadhani mtaa umechoka tu na joto. Alikuja na viazi kwenye beseni, akakaa pale kwenye mkeka ule niliootea, akanipa pole ya cherehani na kusema amechelewa kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Kisha akasema, "Dada, usikate tamaa. Amon anaitafuta. Kila akishusha mzigo anapita kwa mafundi anaulizia, jana alifika mpaka kule Ipuli."

Nikamshukuru. Pazia lilikuwa linatikisika na upepo na mimi nikawa nalitazama lisifunuke. Alipoondoka nilitamani kulala na nisiamke mpaka Jumapili ipite.

Basi niambie, nifanye nini? Na jambo jingine ninalokuuliza kwa siri: itakuwaje kama ndoto ile ilikuwa onyo? Wizi upo kweli, televisheni ya Najiat imekwenda kweli, na ilikwenda mchana uleule nilipoota. Nikisimama kumtetea halafu akawa ndiye?

Mimi, jina limehifadhiwa,
Gongoni, Tabora.

MAMA GAUDENSIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba, na kukasirika nimekasirika. Barua yako nimemwomba mhariri aivushe foleni ya wenzako wanaolalamikia mawifi, kwa sababu mawifi wiki ijayo watakuwepo na Amon huenda asiwepo.

Hofu yako siidharau. Mwaka juzi waliingia kwangu wakabeba mpaka sufuria ya maharage iliyokuwa jikoni, maharage yenyewe hayajaiva. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila paka akiruka darini mimi nilishika mchi. Mtu aliyeibiwa, au anayengojea zamu yake ya kuibiwa, anataka uso wa kuuchukia, na asipoupata atauchora. Hilo nalijua. Lakini kulijua si kulikubali.

Tuanze na ndoto. Unaniuliza kama ni onyo. Mimi siagui ndoto, na Bi Mwanajuma naye kwa heshima yake apumzike. Umeniandikia mwenyewe kwamba Amon anapita kichochoroni kila mchana na guta lake. Ulikuwa umelala mlango wazi, guta likapita, masikio yako yakalipokea na usingizi ukalivalisha nguo za hadithi za bibi yako. Umemwona amebeba mzigo kwa sababu hujawahi kumwona bila mzigo. Angekuwa anayepita saa ile ni muuza dagaa, leo mtaa wenu ungekuwa unajiandaa kumwandika muuza dagaa. Na kama ndoto yako inaona ya kweli kiasi hicho, cherehani iliyobebwa begani ilikuwaje ikabaki barazani?

Mimi ni Mkatoliki, lakini nimekulia na majirani Waislamu, na najua hata kwenu ndoto mtu hamwambii kila mtu, sembuse sinia zima la wanawake wenye hofu. Hilo ni kosa, ila ni kosa la mdomo uliozoea kusimulia, nami ninao wa namna hiyo, sikushiki shati kwa hilo. Ninalokushikia shati ni ile "ahsanteni, tushukuru Mungu kwa uhai." Hapo hukuwa umelala, mwanangu. Unaandika hujui nani aliyesema. Ulisema wewe. Na kila siku unayoiacha cherehani chini ya kanga unalisema tena.

Mumeo anasema kura ni ya siri na Amon ni mtu wa kuja. Mwambie hivi, na mwambie nimesema mimi: Tabora hii nani si wa kuja? Mji huu umejaa wajukuu wa watu waliotua mizigo wakapumzika, wakaoa, wakasahau kuondoka. Yeye mwenyewe akiulizwa vizuri babu yake alitokea wapi, tutafika mbali. Na kuhusu kuchekwa sokoni, achekwe. Asali haitachacha.

Unaogopa utamtetea halafu awe ndiye. Hujaombwa kumtetea. Huijui siku yake yote, na mimi siijui. Unatakiwa kurudisha kilicho chako tu, yaani ndoto yako na cherehani yako, uvitoe katikati ya watu. Vikitoka hivyo, waulizane wamebakiwa na nini juu ya Amon. Nadhani watabakiwa na guta.

Na nyie watu wa mtaa, kwa kuwa najua mnasoma. Televisheni ya Najiat imeandikishwa polisi? Barua imeeleza alivyolia, haikusema kama alikwenda kituoni. Ile mitungi ya gesi inayouzwa kwa bei ya kutupa mnainunua kutoka kwa nani, na mkishanunua mnalalamikia wezi kwa mdomo gani? Vijana wa pikipiki mmewaona kwa macho, mchana, chini ya miembe, na kwenye kundi lenu hakuna aliyeweka alama ya pikipiki. Mmeweka ya guta. Mwenye guta hana mjomba mtaani kwenu, wale vijana wanao. Kama mnataka kulinda mtaa, pogoeni matawi yale, mpeane zamu, mumwite polisi kata aje kikaoni kabla ya kikaratasi chochote kugawiwa, na anayejua jambo aliseme kwa jina lake.

Nitakwambia nililoliona kwetu, upande wa Itobo, nikiwa binti. Baba mmoja aliandikwa kwenye kura kama hizo, mfuga ng'ombe mzuri tu, kosa lake alikuwa hapendi kukaa kilabuni na wenzake. Alihama na wanawe. Baadaye wezi wa ng'ombe walikamatwa, watu wengine kabisa, na kijiji kikasikitika sana. Walisikitika mpaka basi. Kura ya kumtoa mtu niliiona ikipigwa. Ya kumrudisha sijaiona mpaka leo, na yule baba alizikwa ugenini.

Kwa hiyo utafanya hivi. Utaitoa cherehani barazani, mahali pake, mchana, na utashona. Vitambaa vya watu vinakungoja na mlio huo unaouogopa ndio utakaosema nusu ya maneno. Atakayesimama kuuliza utamjibu, "Haikuibwa, niliota, nikaona haya kusema." Kila mmoja mjibu hivyohivyo, usiipambe. Watakucheka, wengine watakutukana, na hilo utalimeza kwa sababu ni dogo kuliko fimbo za Jumapili. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa umweleze ana kwa ana, na umwombe Jumapili akupe nafasi ya kusema kabla vikaratasi havijagawiwa. Baada ya kugawiwa utakuwa umechelewa, watu wakishashika kalamu hawasikii. Ukiona unatetemeka, mchukue Najiat asimame karibu nawe. Yeye ndiye aliyeibiwa kweli, na akisema hajui mwizi wake, watu watasikia.

Lakini kabla ya yote hayo kuna mlango mmoja. Wao hawajui, umesema, na ni wewe unayepaswa kuwaambia, wasije wakalisikia jina lao likisomwa mbele ya watu. Usiende na kanga ya zawadi, wala usimtume mtu. Rudisha beseni la Apolinaria, kaa chini, na useme yote mbele ya mumewe, hata ile sehemu ya pazia. Huenda wakakusamehe palepale, huenda wakakutoa nje, na wakikutoa utakuwa umetolewa kwa haki. Ukiona haya, vizuri, nenda nayo.

Waliokupa pole mtaani ni wengi, mwanangu, ila aliyekwenda kuitafuta cherehani yako ni mmoja tu. Kesho amka mapema ufike kwake kabla hajatoka tena na guta, kuzunguka na jua hili akiulizia kwa mafundi kitu ulichokifunika chumbani mwako.